Mchele hudungwa bambo, hori je? Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali Mombasa

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Mazingira (NEMA), serikali ya Kaunti ya Mombasa, idara ya misitu, na kila afisa ambaye muhuri wake wahitajika kabla ya mtu kujenga, kuchimba au kumwaga kifusi penye maji.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na salamu za heri kwa asiyesalimiana hivyo.

Mimi ni karani wa klaringi mstaafu, mkaazi wa Jomvu Kuu. Miaka 27 nimeshinda Kilindini na faili kwapani, dirisha hili hadi lile, nikitoa mizigo ya watu bandarini: mchele, mitumba, vigae, magari ya Japani. Sikuwa mkubwa wa mtu yeyote. Lakini karatasi naijua. Naijua iliyofanya kazi yake, na naijua iliyotafutiwa muhuri tu.

Mchele ukifika hautoki hivi hivi. Afisa huja na bambo, kile kidude cha kudungia gunia na kuchota punje, akadunga gunia la juu, la katikati na la chini, maana ajua kwamba muuzaji mjanja hupanga mchele mzuri juu. Punje hutiwa mfukoni, mfuko huandikwa namba na saa, hupelekwa maabara. Majibu yasiporudi, kontena halitoki. Nimewahi kulala nje ya geti kwa sababu ya mfuko mdogo kama huo, na maafisa wale nimewatukana kimoyomoyo zaidi ya mara moja. Leo nawaandikia kuwaomba nyinyi mfanye kazi kama wao.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kijihori kinachochipuka kutoka hori kubwa la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara. Maji yakijaa, dau laingia mpaka penye mkungu wa jirani yangu. Yakipwa, ni tope tupu na kaa wanaokimbia kivuli chako. Mbele kabisa, penye maji mengi, imesimama mililana. Nyuma yake ni mikoko yenyewe, ile yenye miguu iliyopanuka. Nyuma zaidi, kwenye tope linalopata jua, ni michu. Akina mama huokota chaza hapo, vijana hutega kaa, na kamba wadogo hujificha kwenye mizizi mpaka wakomae watoke kwenda bahari kuu, ambako wavuvi wa mbali huwavua wasijue wamelelewa wapi. Wazee walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kijihori hicho ndicho kifuu chetu.

Masika ya mwaka juzi, usiku, lori zikaanza kushusha kifusi. Asubuhi ya kwanza tuliona vilima vitatu vya udongo mwekundu na mawe ya nyumba iliyobomolewa. Wiki ya pili likaja tingatinga, likavisawazisha. Kufika mwisho wa mwezi, nusu ya michu ilikuwa imesimama kwenye udongo mkavu kama watu waliofukiwa mpaka kiunoni.

Niseme jambo kuhusu mchu, kwa faida ya msomaji asiyekulia pwani. Tope la kule chini halina hewa, kwa hiyo mti huu hutoa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope kama penseli, maelfu, na hivyo ndivyo vinavyopumua. Ukivifunika kwa udongo, hujaukata mti, wala hujauchoma. Umeuziba pua. Hautakufa siku hiyo. Majani yatageuka rangi polepole, utapukutika, na atakayekuja mwakani kufanya tathmini ataandika kwamba aliukuta umekauka. Haya si ya kubuni: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoteremsha udongo mwingi kwa Mto Mwache hadi hori la Port Reitz, mikoko ya mdomoni mwa mto ilikufa kwa namna hiyo hiyo. Mvua ile hatukuweza kuizuia. Lori lina dereva, na dereva ana aliyemlipa.

Nikavaa viatu nikaenda kuuliza. Ofisi ya kwanza niliambiwa, kwa adabu kabisa, "Baba, hilo si letu, kiwanja kina hati." Ya pili ikaniambia mikoko ni msitu wa serikali, niende kwa watu wa misitu. Na ni kweli, mikoko ya pwani yetu ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kabla baba yangu hajazaliwa. Ofisi ya tatu wakasema miti ni yao lakini kifusi hakikukata mti. Ya nne ndiyo iliyonipa kiti na jibu: mwenye mradi ana leseni, tathmini ya athari kwa mazingira ilifanywa, na wananchi walishirikishwa.

Wananchi wenyewe ni mimi. Nilikuwepo. Tuliitwa chini ya mwembe, kijana mwenye fulana ya kampuni akatueleza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili kidogo kwamba kutakuwa na ajira. Tukaulizwa kama tuna maswali. Ami mmoja, mvuvi, akauliza maji ya mvua yatapita wapi kijihori kikizibwa. Akajibiwa kwamba wahandisi wanalishughulikia. Ikapitishwa karatasi tutie sahihi na namba za simu, halafu soda. Nilitia sahihi yangu nikijua naisaini soda. Baadaye nilipoiona ripoti, karatasi ile ilikuwa imebandikwa nyuma, na orodha ya waliohudhuria imegeuka kuwa orodha ya waliokubali. Karani mzima nimeingizwa kwenye mtego wa karatasi! Hilo laniuma hadi leo kuliko kifusi chenyewe, na huenda hapo nimekosea mizani.

Ripoti ilikuwa na kurasa zaidi ya 200, zote kwa Kiingereza. Sehemu kubwa yaeleza sheria, hali ya hewa ya Mombasa kwa jumla, na ndege wanaopatikana Kenya. Kuhusu maji ya kijihori kulikuwa na ukurasa mmoja na jedwali moja: sampuli moja, mahali pamoja, siku moja. Majibu yalikuwa mazuri mno. Hewa ndani ya maji ya kutosha, tope kidogo, bakteria wa kinyesi wachache. Nikashangaa, kwa sababu mimi naishi hapo na pua ninayo.

Basi nikafanya nililozoea kufanya kazini nikiona hati safi kupita kiasi: nikatazama saa. Sampuli ilichotwa saa kumi na nusu alasiri. Nina vitabu vya jedwali la maji ya bandari, tabia ya kazi hiyo haiachi mtu, nikakitafuta cha mwaka huo. Siku ile ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Na mtu yeyote wa Mombasa anayeijua bahari ajua kwamba siku za bamvua maji yetu hupwa saa nne hivi za asubuhi na hujaa saa kumi na kitu alasiri. Tofauti ya maji makavu na maji makuu siku hizo yazidi mita 3. Kilichotiwa chupani hakikuwa maji ya kijihori. Kilikuwa Bahari ya Hindi, imeingia kutusalimia, na saa sita baadaye ingekuwa imerudi kwake.

Sisemi aliyechota alidanganya. Pengine lori la maabara lilichelewa kwenye foleni ya Changamwe, nani asiyechelewa pale. Nasema hivi: hakuna mahali kwenye karatasi zenu panapomlazimu aseme maji yalikuwa yajaa au yapwa. Na kama hapana, basi bambo limedunga gunia la juu peke yake.

Waheshimiwa, sheria tunazo, na si mbaya. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kujenga, kuchimba, kumwaga kitu chenye madhara, kuziba au kukausha mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini. Kanuni za tathmini za 2003 ziliandika kwamba mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Mitatu! Sisi tuliuona mmoja, wa soda. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zikaweka viwango vya majitaka yanayotolewa nje, kwa mfano kwamba kile kipimo cha siku 5 kisizidi miligramu 30 kwa lita. Kipimo hicho nilieleweshwa na kijana wa maabara mwenye subira: maji hufungiwa gizani siku 5 kwa joto la nyuzi 20, halafu hupimwa vijidudu vimekula hewa kiasi gani vikiyeyusha uchafu. Vikila nyingi, jua samaki wangebakishiwa kidogo. Mwaka 2009 zikaja kanuni za ardhi oevu, kingo za mito na ufukwe wa bahari. Tena kuna leseni ya kumwaga majitaka, kuna kibali cha ujenzi cha kaunti, kuna idhini ya watu wa misitu.

Kasoro naiona hapa. Leseni ya tathmini yautazama mradi. Leseni ya majitaka yatazama mdomo wa bomba. Kibali cha ujenzi chatazama ramani ya nyumba. Idhini ya misitu yahesabu miti. Kifusi hakina bomba, hakina ghorofa, na kwa hesabu ya waliohusika hakikukata mti, kwa hiyo kikapenya katikati ya karatasi nne kama mkizi atokavyo kwenye jarife lenye macho makubwa. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo inayoulizwa swali moja la kitoto: haya maji ya hori, leo yako hali gani, na mradi ukishasimama yatakuwa hali gani?

Wenzetu Marekani, kwa shida zao zote, waliliuliza swali hilo kwa sheria. Sheria yao ya maji safi ya 1972 ina kifungu cha 401, kinachosema kwamba mtu akiomba kibali cha serikali kuu kwa kazi itakayomwaga chochote majini, kikiwemo kibali cha kufukia ardhi oevu ambacho hutolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, lazima kwanza apate cheti kutoka jimbo lenye maji hayo kwamba ubora wa maji hautavunjwa. Jimbo laweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa, na likikataa, serikali kuu haiwezi kutoa kibali. Jimbo lapewa muda, usiozidi mwaka mmoja. Nilipokisoma nilicheka, kwa sababu ni klaringi tupu: huna cheti, mzigo hautoki.

Sisemi tuwaige kila kitu. Kule jimbo likinyamaza mpaka muda upite, huhesabiwa limeridhia, na hilo sitaki lije huku, maana kwetu kunyamaza ndiyo kazi inayofanywa kwa bidii zaidi. Tena wao wenyewe hawajaacha kuvutana mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ilipunguza sana ardhi oevu inayolindwa na sheria hiyo. Ninachoomba ni ule mfupa wa kati: cheti cha maji, chenye jina la aliyetia sahihi, kinachotangulia vibali vingine vyote, na kinachoweza kukataliwa.

Na kikitolewa, kitolewe kwa vipimo vinavyoijua Mombasa. Sampuli zichotwe maji yakiwa makavu na yakiwa makuu, siku za bamvua na siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo. Zichotwe kiangazi, na zichotwe masika. Ripoti niliyoisoma ilifanywa Januari, kaskazi imetulia na mito ya Kombeni na Tsalu haina la kusema. Laiti wangerudi Mei! Maji yote ya Rabai na vilima vya nyuma huteremka humu na udongo wake, mekundu kama chai ya rangi, na ndipo ungejua kijihori kile kilikuwa kikifanya kazi gani: kikipokea maji, kikiyapunguza mbio, kikiacha tope kwenye mizizi badala ya kulipeleka kwenye nyumba za watu. Masika haya maji hayakupata pa kwenda. Yaliingia kwa jirani yangu mwenye mkungu, na kuku wake saba walikufa. Swali la ami lilijibiwa na mvua.

Sampuli za bakteria nazo zina haraka yake. Chupa iwe imechemshwa kuua vijidudu, itiwe kwenye sanduku la barafu, ifike maabara siku ile ile. Hewa ya majini ipimwe papo hapo, mguu ukiwa ndani ya tope. Chupa iliyozunguka na gari tangu asubuhi kwenye jua la Mombasa yaeleza habari za gari.

Hapa lazima niseme na letu, nisije nikaonekana namnyooshea kidole mwenye lori peke yake. Sehemu kubwa ya Mombasa haina bomba la majitaka. Mtambo wa Kipevu wahudumia baadhi ya mitaa ya bara ya magharibi, na waliobaki tuna vyoo vya shimo na matangi, na tunajua baadhi ya matangi hayo hufunguliwa wapi mvua ikinyesha usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa na bomba lililoelekea kijihorini, nikaliziba miaka sita iliyopita baada ya mke wangu kunisema mbele ya watoto. Kwa hiyo kipimo cha kweli kitatuumbua nasi. Na kituumbue. Siogopi kupimwa, ila sitaki nipimwe peke yangu.

Tena ni nani achote? Sasa hivi mtaalamu wa tathmini huajiriwa na mwenye mradi, hulipwa na mwenye mradi, na kazi ijayo huitarajia kwa mwenye mradi mwingine aliyesikia kwamba ripoti zake hupita. Wapo waaminifu, nimekutana na mmoja. Lakini hebu fikirini mwenye mchele angeruhusiwa kujichagulia mdunga bambo na kumlipa mwenyewe. Mwenye mradi alipe, sawa, ila alipe kwenye mfuko wa serikali, na maabara ichaguliwe na nyinyi, na mvuvi mmoja wa kikundi cha ufukweni awemo mashuani atie sahihi kwamba ameona saa na ameona mahali. Wavuvi hawa msiwadai digrii. Wao ndio wajuao maji yageuka saa ngapi.

Lugha ni jambo ambalo nilidhani ningelipita haraka, naona haliwezekani. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapa Jomvu Kuu Kiswahili si lugha ya kujifunza, tumezaliwa nacho. Ibara ya 69 inaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Sasa mtu atashiriki vipi kurasa 200 asizozielewa? Sidai mtafsiri ndege wote wa Kenya. Nataka kurasa 5 za Kiswahili cha kawaida: nini kitajengwa, kitafukia mita ngapi, maji yamepimwa yakaonekana vipi, nini kitabadilika, na nani apigiwe simu. Na zibandikwe kwenye banda la samaki, msikitini, na kwenye duka la kona, si kwenye ukuta wa ofisi ambako mlinzi huuliza waenda kumwona nani.

Pale penye mradi pasimame bango lenye namba ya leseni, tarehe, masharti, na mpaka wa mwisho wa kazi umechorwa. Mabango ya ujenzi huwa yataja mkandarasi, mhandisi na mchora ramani kwa herufi kubwa kama tangazo la harusi, lakini masharti ya mazingira sijapata kuyaona kwenye bango lolote. Mwananchi akipewa siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za mazingira, aanze kuzihesabu lini, ikiwa leseni huijua kwa sauti ya tingatinga?

Rufaa zenyewe si za mzaha. Mwaka 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliotangulia, wavuvi wa Lamu walipewa na Mahakama Kuu fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Na hapa karibu nasi, Owino Uhuru, watu waliishi na sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ya hapa Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, mahakama ya rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Hesabu nyinyi wenyewe ipi ni nafuu, chupa chache za maji na sanduku la barafu, au hizo. Na waliozikwa Owino Uhuru hawamo kwenye hesabu.

Mtu ataniambia: mzee, wataka Mombasa isijengwe? Sivyo. Watoto wangu wanataka nyumba na kazi kama wa mtu mwingine. Nataka kila mjenzi aulizwe lile ambalo miaka 27 niliulizwa kwa kila kontena. Na tumeshaona kwamba kosa la maji laweza kurudiwa na kusahihishwa, japo kwa kuchelewa. Wakoloni walijenga tuta la Makupa, wakayatenga maji ya Tudor na maji ya Port Reitz, na upande wa Kibarani ukageuka dimbwi na jalala. Mwaka 2022 daraja likafunguliwa, tuta likaondolewa, maji yakapita tena. Siku moja nilisimama pale kwenye maji yanayojaa, nikayatazama yakipita chini ya magari, watu wakanipigia honi wakidhani nataka kujirusha. Nilikuwa nimefurahi tu.

Basi nakuja kwenye ombi langu la sasa hivi, la kijihori chetu. Nimewaandikia mmoja wenu kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nikiomba nakala ya leseni na masharti yake. Sheria hiyo inatoa siku 21. Leo ni siku ya 40 na kitu. Nina risiti ya kupokelewa kwa barua, muhuri umekaa sawasawa, tarehe yasomeka. Sitataja ofisi, kwa sababu huenda faili liko njiani. Naomba leseni hiyo ikaguliwe upya kwa kuwa sheria yaruhusu kuisimamisha au kuifuta, kifusi kilichovuka mpaka kiondolewe kwa gharama ya aliyekileta, na maji yapimwe upya mbele yetu.

Ili msipate shida ya kupanga siku, nimewapangia. Tazameni mwezi mwandamo. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuandama ni bamvua. Fikeni Jomvu Kuu saa tatu na nusu asubuhi, maji yakimalizia kupwa, mkiwa na viatu vya tope. Ami atakuwa na dau lake, nami nitakuwa na jedwali la maji na kalamu. Mtachota mara ya kwanza hapo. Kisha mtakuja kwangu kunywa chai na mahamri, tukisubiri, na saa kumi na nusu alasiri tutashuka tena mahali pale pale kuchota mara ya pili. Chupa mbili, siku moja, hori moja. Zipelekeni maabara mnayoitaka, halafu mje mzibandike namba zake kwenye banda la samaki.

Wenu,
Karani wa klaringi mstaafu,
Jomvu Kuu, Mombasa